Gharama 160 ilipoishinda 20

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe maelezo, na kwa kiasi fulani nikiri kosa, kuhusiana na makala mliyoichapa juma lililopita juu ya kusuasua kwa mtandao katika ofisi za mikoani. Mwandishi wenu aliieleza vizuri mikongo ya baharini na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, lakini alipofika kwenye vifaa vyenyewe alipita upesi, akasema kwamba ruta, yaani kifaa kinachoelekeza data njia ya kupita, hupima njia zote zilizopo kisha hufuata iliyo fupi. Nimefanya kazi ya mitandao kwa miaka kumi na sita, mingi kati ya hiyo nikiwa Morogoro, na imani hiyohiyo ndiyo iliyoniaibisha mara mbili mbele ya wakubwa wangu.

Maneno hayo yana ukweli kwa safari za ndani. Katika mashirika mengi ruta huongozwa na itifaki, yaani kanuni za mawasiliano kati ya vifaa, iitwayo OSPF, ambayo toleo lake la pili, linalotumika kwa anwani za IPv4, lilielezwa na John Moy katika waraka wa RFC 2328 wa Aprili 1998 (RFC ni nyaraka zinazoeleza kanuni za intaneti). Mtandao mkubwa hugawanywa katika maeneo, na maeneo yote hupaswa kuungana na eneo namba sifuri, ambalo ndilo uti wa mgongo. Ndani ya eneo moja kila ruta ina ramani ileile ya viungo vyote na gharama zake, ambazo si fedha bali namba za kupimia uzito wa kila kiungo, nayo hukokotoa njia yenye jumla ndogo kwa kanuni ya Dijkstra. Ukivuka mpaka wa eneo, ramani hukomea hapo: ruta ya mpakani haipitishi picha ya viungo, bali hutangaza jumla tu, yaani kwamba anayepitia kwake atafika mahali fulani kwa gharama kadhaa. Hata hapa kuna upendeleo, kwa maana njia iliyo ndani ya eneo hutangulizwa mbele ya ile inayopita maeneo mengine, hata kama hiyo ya pili ni nafuu zaidi, lakini kwa matumizi ya kawaida mtu anaweza kusema ruta inafuata ufupi na asilete madhara.

Mambo hubadilika pale pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, inapotaka kutoka nje kabisa ya mtandao wa shirika, kwenda intaneti au kwa mshirika mwingine. Njia za nje huingizwa na ruta ya lango, ile iliyounganishwa na mtoa huduma, kwa tangazo namba 5; matangazo ni taarifa ambazo ruta hupeana, na namba huonyesha aina yake. Tangazo hilo husambaa katika maeneo yote ya kawaida bila kubadilishwa hata herufi moja, na kwa kuwa linataja tu ruta iliyolitoa, ruta ya mpakani hulazimika kuliongezea tangazo namba 4, linalowaeleza walio maeneo mengine gharama ya kuifikia hiyo ruta ya lango. Kwa hiyo ruta iliyo mbali hupata habari mbili kutoka kwa watu wawili tofauti: lango linasema gharama ya kutoka nje, na mpaka unasema gharama ya kulifikia lango. Namna ya kuzitumia habari hizo mbili hutegemea alama ndogo iliyomo ndani ya tangazo namba 5, nayo ni E1 au E2.

Njia yenye alama ya E1 hujumlishwa: gharama ya nje pamoja na gharama ya kulifikia lango. Njia yenye alama ya E2 huhesabiwa kwa gharama ya nje peke yake, na umbali wa kulifikia lango haulizwi mpaka njia mbili za E2 zilingane. Msomaji wa Dar es Salaam ataielewa tofauti hii tangu stendi ya mabasi ya mikoani ilipohamishwa kutoka Ubungo kwenda Mbezi. Abiria wa Kigamboni anayelinganisha nauli za mabasi ya Arusha bila kuhesabu nauli ya kumfikisha Mbezi ndiye E2. Anayejumlisha kivuko, daladala na tiketi ya basi ndiye E1. Waliotunga itifaki hawakuwa wajinga kumruhusu yule wa kwanza. Waliichukulia gharama ya nje ya E2 kuwa ni kubwa kuliko gharama yoyote ya ndani, kama vile nauli ya kwenda Ulaya inavyomfanya mtu asahau nauli ya teksi.

Lakini alama hizo mbili haziko katika mizani moja, na hapa ndipo nilipojikwaa. Ruta ikiwa na njia ya E1 na njia ya E2 kwenda mahali pamoja, itachukua E1. Haitazami namba. E1 yenye gharama elfu kumi itaishinda E2 yenye gharama 1, mchana na usiku, wala haitatoa onyo lolote.

Taasisi ninayoitumikia ilikuwa na lango moja tu, Dar es Salaam. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini karibu na pwani ya Afrika Kusini, tulikaa siku kadhaa tukitumia mtandao kwa kudonoadonoa, na ndipo uongozi ulipokubali kulipia lango la pili Arusha, ambalo lingetoka kwa njia ya Namanga na kuifikia mikongo inayotua Mombasa. Laini ya Arusha ilikuwa nyembamba, kwa kuwa ilikusudiwa kuwa ya akiba. Lango la Dar es Salaam lilikuwa likitangaza njia kuu, ile inayoandikwa 0.0.0.0/0 na kufuatwa na kila pakiti isiyo na njia mahususi, kwa alama ya E2 na gharama 20. Kijana aliyeandaa usanidi, yaani maagizo ya kuendeshea ruta, wa Arusha aliniletea karatasi yenye alama ya E1 na gharama 100, akaniambia kwamba 100 ni kubwa kuliko 20, kwa hiyo Arusha itatumika tu Dar es Salaam ikianguka. Nikasoma, nikaona hesabu imekaa sawa, nikatia saini.

Jumatatu asubuhi simu za Morogoro hazikunyamaza. Barua pepe zilifunguka kwa dakika mbili au tatu, mfumo wa malipo ukawa unakata katikati. Jambo lililotupotezea muda ni kwamba ofisi ya Dar es Salaam haikulalamika hata kidogo, na sababu yake niliielewa baadaye: ruta ya lango ina njia yake yenyewe ya kwenda kwa mtoa huduma, iliyoandikwa kwa mkono, nayo huiamini hiyo kabla ya kusikiliza OSPF inasema nini. Watu wanaoipitia moja kwa moja walitoka nje kama kawaida. Tukashuku laini ya Morogoro, tukampigia mtoa huduma, tukamtuma fundi akakague viunganishi vya faiba. Ilikuwa karibu saa tano nilipofungua jedwali la njia la ruta yetu ya Morogoro na kukuta mstari huu:

O*E1 0.0.0.0/0 [110/160]

Hiyo 110 ni kiwango ambacho kifaa hutumia kulinganisha OSPF na vyanzo vingine vya njia, na haikunihusu. Iliyonitoa jasho ni 160. Kutoka Morogoro kulifikia lango la Dar es Salaam ilikuwa gharama 10. Kulifikia lango la Arusha, kupitia Dodoma na Singida, ilikuwa 60, ukijumlisha na 100 za nje unapata 160. Ruta ilikuwa imeiacha njia ya 20 inayoishia takriban kilometa 190 kutoka pale nilipokaa, ikapeleka kila kitu zaidi ya kilometa 700 hadi kwenye laini ya akiba. Haikuwa imekosea. Waraka wa 1998 unaiamuru ifanye hivyohivyo, na mimi ndiye niliyeiwekea saini.

Tuliibadilisha Arusha iwe E2 yenye gharama 200, na dakika hiyohiyo Morogoro ikarudi Dar es Salaam. Kwa anayetaka lango kuu na lango la akiba, huo ndio mpangilio safi: malango yote yawe E2, namba zitofautiane waziwazi. Anayetaka kila ofisi itumie lango lililo karibu nayo ayaweke yote E1, ila kwanza ahakikishe gharama za ndani zina maana. Vifaa vingi, visipoelekezwa, hugawa megabiti 100 kwa kasi ya kiungo, na matokeo yaliyo chini ya 1 huyafanya kuwa 1; hivyo kiungo cha megabiti 100 na cha gigabiti 10 huonekana sawa kabisa, na hesabu nzuri ya E1 hujengwa juu ya mchanga. Kuchanganya E1 na E2 kwa njia ileile ya nje ni jambo ambalo sijapata kuona sababu yake ya kiungwana isipokuwa wakati wa kuhama kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine.

Aibu ya pili ilikuwa ya kiufundi zaidi, na ndiyo iliyonisukuma hasa kuandika, kwa sababu haikutokana na kosa la mtu yeyote kuandika namba. Mwaka uliofuata laini ya Arusha ilipanuliwa, tukaamua malango yote mawili yatangaze E2 yenye gharama 20. Njia mbili za E2 zikilingana, nimeshasema, umbali wa kulifikia lango ndio huamua, kwa hiyo kila ofisi ingetumia lango la karibu yake, na kweli ilikuwa hivyo kwa miezi mingi. Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma ziko katika eneo sifuri. Singida na Arusha ziko katika eneo namba 1, na ruta ya Dodoma ndiyo ya mpakani. Kutoka Dodoma kwenda lango la Dar es Salaam ni gharama 20, kwenda lango la Arusha ni 50. Singida iko gharama 10 kutoka Dodoma, kwa hiyo kwake Dar es Salaam ni 30 na Arusha ni 40. Dodoma na Singida zote zilitoka nje kupitia Dar es Salaam, kama hesabu inavyotaka.

Kisha ruta ya Dodoma ikazeeka, ikabadilishwa. Kampuni iliyotuuzia kifaa kipya ilinakili usanidi wa zamani mstari kwa mstari, ikajaribu, ikaondoka. Jioni ileile makao makuu ya Dodoma yakakosa intaneti kabisa, na Singida pia, huku Morogoro ikiendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Nilipofuatilia njia ya pakiti kutoka Dodoma, kioo kilijaa anwani mbili tu: ya Singida, ya Dodoma, ya Singida, ya Dodoma, mpaka mstari wa thelathini ambapo programu hukata tamaa. Pakiti zilikuwa zikirushwa kati ya ruta mbili kama mpira wa watoto uwanjani, hadi muhula wa maisha yake ulipokwisha, zikatupwa.

Maelezo yake yamo katika kurasa ambazo wengi wetu huziruka. Waraka wa zamani, RFC 1583 wa Machi 1994, ulisema kwamba njia za nje zilizolingana alama na gharama ya nje zipambanuliwe kwa umbali tu. Marekebisho yaliyofuata, ambayo yamo katika RFC 2328, yaliongeza hatua moja kabla ya kupima umbali: lango linalofikiwa kwa njia iliyo ndani ya eneo moja, ikiwa eneo hilo si uti wa mgongo, litangulizwe daima, njia za ndani ya uti wa mgongo na njia zinazopita maeneo mengine zihesabiwe kuwa na hadhi moja, kisha ndipo umbali uulizwe. Kusudi lilikuwa jema, kuzuia pakiti zisizunguke pale malango ya maeneo tofauti yanapotangaza kitu kimoja. Ili vifaa vya zamani visiachwe pembeni, waraka uliweka swichi ya kuchagua kanuni ya zamani, na ukasisitiza kwamba ruta zote za mtandao mmoja ziwekwe sawa. Ila uliagiza pia kwamba swichi hiyo, isipoguswa, iwe upande wa kanuni ya zamani, na si watengenezaji wote wanaofuata agizo hilo. Kuna vifaa vinavyotoka kiwandani na kanuni ya zamani, vipo vinavyotoka na mpya, na hakuna mstari wowote katika usanidi unaoonyesha tofauti hiyo, kwa kuwa usanidi wa kawaida hauandiki yale ambayo hayakubadilishwa.

Sasa tazama yaliyotokea. Dodoma mpya, kwa kanuni mpya, iliona lango la Arusha linafikiwa ndani ya eneo namba 1, ikalitanguliza ingawa ni 50 dhidi ya 20, na njia ya kwenda huko ni Singida. Singida ya zamani, kwa kanuni ya zamani, iliona 30 ni ndogo kuliko 40, ikachagua Dar es Salaam, na njia ya kwenda huko ni Dodoma. Kila moja ilikuwa na haki kwa sheria yake. Morogoro ilinusurika kwa sababu kwake lango la Dar es Salaam liko ndani ya uti wa mgongo na la Arusha liko eneo jingine. Kanuni zote mbili zinaziona njia hizo kuwa na hadhi sawa, zikaangalia umbali, zikatoa jibu moja. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa Morogoro akaapa kwamba mtandao ni mzima.

Amri ya kurekebisha ilikuwa ya maneno machache, nikaiandika Dodoma, na makao makuu yakarudi hewani kabla sijamaliza kuelezea kwa simu kilichotokea. Nilichagua kanuni ya zamani kwa sababu ruta kumi na moja nyingine zilikuwa nayo, ingawa kwa mtandao mpya ningeweka mpya kila mahali. Nilipokuwa nikisoma usiku ule nilikutana pia na jambo lililonichekesha: ikiwa lango moja linafikiwa kupitia maeneo mawili kwa gharama sawa, ruta huchagua njia ya eneo lenye namba kubwa zaidi. Namba za maeneo mimi huwa ninazigawa kwa kufuata orodha ya mikoa jinsi inavyonijia kichwani, sikujua kama ninapiga kura.

Nisiwachoshe wasomaji na maeneo yaliyofungwa, yaani yale yasiyopokea matangazo namba 5 na badala yake kupewa njia moja kuu na ruta ya mpakani. Niseme tu kwamba wilaya yenye njia moja ya kutokea haina haja ya kubebeshwa uchaguzi huu wote, na wengi wetu tunaibebesha kwa uvivu.

Ninayo maombi mawili, Ndugu Mhariri. La kwanza ni kwa mwandishi wenu, kwamba akirudi kwenye mada hii asiwaambie wasomaji kuwa laini ya pili ni kinga inayojiendesha yenyewe, maana mkuu wa taasisi akisoma hivyo atalipia laini na kukata fedha ya mtu wa kuisanidi na kuijaribu. Lango letu la Arusha lilikuwa zima siku zote mbili ambazo mtandao ulikwama. La pili ni kwa wenzangu wanaoandika nyaraka za zabuni za vifaa. Tunaandika idadi ya milango, kasi, miaka ya dhamana, hata rangi ya kabati. Ongezeni mistari miwili: muuzaji aeleze kifaa chake kinakuja na kanuni ipi ya kuchagua njia za nje kati ya ile ya RFC 1583 na ile ya RFC 2328, na siku ya makabidhiano lango kuu lizimwe kwa makusudi huku wahusika wote wakitazama jedwali la njia katika ofisi tatu tofauti, mojawapo ikiwa ya mpakani.

Kwetu, ruta ya Dodoma ina kipande cha karatasi kilichobandikwa ubavuni kwa selotepu, kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: 1583, imewashwa, E2, 20. Nyingine kumi na moja zina karatasi kama hiyo. Ya Singida iliandikwa na yule kijana aliyeniletea usanidi wa Arusha, na ameongeza chini yake, kwa maandishi madogo, namba 160.

Wako mtiifu,
Fundi wa mitandao,
Morogoro